Waziri wa Huruma Anatafakari

Nchi inayohusika haina jina kwa sasa. Jina ililokuwa nalo lilipelekwa kwenye kamati ili liboreshwe, na kamati bado inakaa, inakula biskuti. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, na zaidi ya yote asichungulie dirishani kwake kuitafuta, maana msimuliaji wa habari hizi ana familia.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani pamoja na mama yake mzazi, Bi Rukia. Bi Rukia aliteleza uani akianua nguo, nyonga ikavunjika, akalazwa kitandani na hakuinuka tena. Mdomo wake tu ndio uliobaki mzima, na aliutumia kufidia miguu. Sikudhani alikuwa fundi cherehani. Cherehani sasa ilifunikwa shuka, juu ya shuka pakawekwa beseni, na juu ya beseni zikakaa khanga za kumbadilishia mama. Kaka zake waliishi mbali, nao walikuwa hodari sana wa kusema pole kwenye simu.

Mwanzoni Sikudhani alilia. Baadaye akaacha kulia, akawa anachoka. Baadaye tena hata uchovu ukanyamaza, ikawa anafanya tu: ananyanyua, anafuta, analisha, anageuza. Watu wakimwuliza hali alisema nzuri, na hakuwa anadanganya. Alikuwa amejitazama ndani akakuta hamna kitu.

Siku moja muuguzi wa zahanati alikuja kumtazama Bi Rukia, akamfunua mgongo.

"Dada, hapa chini ya mgongo pameanza kidonda," alisema. "Bado ni kidogo. Ila hili godoro la pamba limekufa, ni kama analalia sakafu. Akipata godoro la upepo, yale yenye pampu, kidonda kitafunga. Asipopata kitachimba mpaka kwenye mfupa, na kikifika huko mimi sitakuwa na la kukusaidia."

"Godoro la upepo linapatikana wapi?"

"Serikalini," alisema muuguzi, kwa sauti ya mtu anayesema mwezini.

Wiki hiyohiyo, kama kwamba Serikali ilikuwa imetega sikio dirishani, Mtukufu Baba wa Faraja, ambaye ni rais wa nchi hiyo, alihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi, nimepokea taarifa za kusikitisha," alisema. "Nimeambiwa kwamba ndani ya nyumba za nchi hii wamo watu wanaohudumia wagonjwa wao bila Serikali kuhusishwa. Wanaosha, wanalisha, wanageuza, miaka nenda miaka rudi, kimyakimya, na sisi hatuna habari! Jambo hili halikubaliki. Kuanzia leo tutawasaidia, wapende wasipende. Nimeunda Wizara ya Huruma."

Vilisikika vifijo, na sauti ya meza kupigwa.

"Anasemaje huyo?" aliuliza Bi Rukia, uso umeelekea ukutani kwa kuwa ndipo alipokuwa amegeuziwa.

"Anasema watatusaidia, mama."

"Tumewakosea nini?"

*

Katika nchi hiyo msaada hauwezi kufika peke yake. Lazima uje na watu, watu lazima wakae, na wakikaa lazima wanywe chai. Kwa hiyo ujumbe wa Wizara ya Huruma ulipopiga hodi kwa Sikudhani, jambo la kwanza lililohitajika lilikuwa nafasi ya viti. Chumba kilikuwa kimoja chenye hadhi, nacho kilikuwa cha mgonjwa. Kitanda cha Bi Rukia kikasukumwa kwenye ukumbi mwembamba unaotokea uani, wajumbe wakaingia na kukaa, wakamtazama Sikudhani akikimbizana na birika.

Kiongozi wa ujumbe aliitwa Bwana Chumu, Afisa Huruma wa Wilaya, mtu mpole mwenye kitambi cha heshima, aliyesema "pole" mahali ambapo wengine husema "ahaa".

"Pole. Mgonjwa mwenyewe ni yupi?"

"Ni mama. Ni huyo mliyempita hapo ukumbini."

"Pole. Na ni kweli hawezi kusimama?"

"Hawezi, bwana."

"Basi mwambie asimame, ili tushuhudie kwamba hawezi."

Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya Bi Rukia. "Mwambie na yeye anyamaze, tushuhudie kwamba anaweza."

Bwana Chumu alicheka kwa ukarimu, akasema wazee ni hazina. Kisha akauliza Sikudhani alipata wapi mafunzo ya kazi hii. Sikudhani akasema hakupata. Wajumbe wakatazamana. Mmoja akaweka kikombe chini.

"Yaani muda wote huu unamgeuza mama yako bila mafunzo?"

"Nilikuwa naona anaumia, nikawa namgeuza."

"Pole. Hapo ndipo tulipochelewa kama taifa," alisema Bwana Chumu, na kwa mara ya kwanza alionekana kuguswa kweli.

Sikudhani alitaja godoro. Alilitaja bila kusihi, kama mtu anayetaja njia ya kwenda kisimani. Bwana Chumu akasema magodoro yapo, yameagizwa, na moja litakuwa lake, isipokuwa kwanza ahudhurie semina. Wakamaliza chai, wakashukuru, wakaondoka. Kitanda kilirudishwa chumbani jioni, baada ya Mama Sele, jirani muuza maandazi, kufunga biashara na kuja kushika upande wa pili.

*

Semina ilifanyika ukumbi wa wilaya, na mada yake ilikuwa "Jitunze Wewe Kwanza". Wahudumu wa majumbani walikuja kutoka kila mtaa: waliokuwa na wazee, waliokuwa na watoto wasiotembea, mwanamume mmoja aliyekuwa na mke asiyemkumbuka jina. Wote walikaa kwenye ncha za viti kama watu walioacha sufuria jikoni. Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu mwenye kunukia, na alianza kwa kupiga kelele.

"Huruma hoyee!"

"Hoyee," wakajibu.

"Mhudumu anayejali hulala usingizi wa kutosha," alisema. "Huenda matembezini jioni. Husoma kitabu kizuri. Na akihisi kuzidiwa, hufanya nini? Humkabidhi mgonjwa kwa msaidizi!"

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Samahani, baba. Msaidizi yupi?"

"Swali zuri sana. Hilo ni somo la mwakani."

Baada ya hapo mwezeshaji alieleza usingizi ni nini, na wahudumu, ambao walikuwa wamekaa mahali pamoja bila mtu wa kuwaita kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, walisinzia mmoja baada ya mwingine hadi safu ya mwisho. Taarifa ya Wizara ilisema mada ilipokelewa kwa utulivu wa hali ya juu. Walipoamshwa waligawiwa fulana zilizoandikwa MHUDUMU SHUJAA, zote saizi moja, ya mtoto.

Sikudhani aliporudi nyumbani alimkuta Mama Sele amesimama mlangoni na unga mikononi.

"Shoga, nisamehe. Mafuta yalikuwa motoni, sikuweza kuwa huku na kule. Nilimpa maji, ila kumgeuza peke yangu nimeshindwa."

Sikudhani alimfunua mama yake mgongo. Kidonda kilichokuwa kama kifungo sasa kilikuwa kama mdomo wa kikombe. Alikisafisha, akakifunika. Alijua kwamba angepaswa kuona hasira, akaisubiri kidogo, haikuja, akaenda kuinjika uji.

"Wamekufundisha nini?" aliuliza Bi Rukia.

"Kulala."

"Na umejua?"

"Nimefaulu, mama."

Bi Rukia akacheka mpaka akajiumiza.

*

Godoro lilifika wilayani mapema kuliko watu walivyotarajia, jambo lililozua taharuki ofisini. Likajazwa upepo ili kuhakikisha kwamba linajaa, likawekwa kwenye chumba cha mikutano, likalindwa. Sikudhani alikwenda kulichukua na mkokoteni wa kukodi.

"Pole," alisema Bwana Chumu. "Hivi unajua makabidhiano ni nini? Kitu cha Serikali hakichukuliwi kama mkaa. Lazima Mheshimiwa Waziri aje akukabidhi kwa mikono yake, mbele ya watu, na wewe ushukuru."

"Kidonda kinakua, bwana."

"Ndiyo maana lazima tuanze mazoezi leo."

Mazoezi yalikuwa ya kushukuru. Katika nchi hiyo mwananchi anayepokea kitu hupiga magoti, hushika kifua, halafu hulia. Magoti Sikudhani aliyaweza, kifua alikiweza, machozi hayakutoka. Bwana Chumu alimwomba amfikirie mama yake. Akamfikiria. Akaona orodha ya mambo ya kufanya akirudi: maji ya moto, khanga, uji. Bwana Chumu alimwomba afikirie godoro lenyewe, jinsi lilivyo laini. Akalifikiria kwa makini, macho makavu.

"Mama, nakuomba," alinong'ona Bwana Chumu, jasho likimtoka. "Serikali haijawahi kukabidhi kitu kwenye uso mkavu. Mimi nina watoto wanasoma."

"Sifanyi makusudi. Hamna kitu huku ndani."

Mwishowe Wizara ikatafuta ufumbuzi. Alikuwapo mtumishi wa idara ya itifaki, mwanadada mwenye kipaji cha machozi, aliyekuwa akiazimwa na wizara mbalimbali. Ikaamuliwa Sikudhani apige magoti, na yule mwanadada asimame kando yake alie kwa niaba.

Siku ya makabidhiano, maturubai yalifungwa uani kwa Sikudhani, na viti vya plastiki vikajaa mpaka barabarani. Bi Rukia alihamishiwa jiko la nje, kwenye mkeka, kwa kuwa chumba chake ndicho kingekuwa ukumbi wa tukio na kitanda chake ndicho kingepokea godoro. "Ni kwa muda mfupi tu, mama," alisema Bwana Chumu. Godoro lilitandikwa, pampu ikawashwa, ikaanza kuunguruma polepole na kwa upole, huku mirija ya godoro ikipanda na kushuka kama kifua cha mtu anayepumua.

Waziri wa Huruma, Mheshimiwa Shomvi Mapande, alikuja na msafara. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye macho mekundu ya mtu aliyeshinda njiani akizindua vitu. Alisimama, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuizingatia upya jina kwa jina. Alieleza historia ya huruma tangu kale. Alieleza kwamba huruma za awamu zilizopita zilikuwa na mapungufu. Jua likahama kutoka upande mmoja wa turubai kwenda wa pili. Jikoni, Bi Rukia alilala kwenye mkeka na kumwuliza Mama Sele kama huyo anayehutubia naye ni mgonjwa.

Hatimaye ukafika wakati wa kuonja. Ni desturi ya nchi hiyo kwamba hakuna kitu kinachomfikia mwananchi kabla kiongozi hajakijaribu. Daraja likijengwa kiongozi hulivuka kwanza, bomba likifunguliwa kiongozi hunywa kwanza, na ule mwaka wa njaa mahindi ya msaada yalionjwa kwa moyo wote mpaka yakaisha. Kwa hiyo Mheshimiwa Mapande aliingia chumbani na wapiga picha, akavua viatu, akajinyoosha juu ya godoro la Bi Rukia. Watu wakapiga makofi. Yule mwanadada wa itifaki akaangua kilio kizuri sana. Waziri akatabasamu, akafumba macho kwa ajili ya picha, na hakuyafumbua.

Pampu ikaendelea kuunguruma. Baada ya muda Waziri naye akaunguruma.

*

Hapa inabidi msomaji aelezwe jambo la kisheria. Kiongozi wa nchi hiyo halali. Akifumba macho anatafakari, na akikoroma anatafakari kwa kina. Kumwamsha ni kukatiza fikra za taifa. Aliwahi kuwapo karani mmoja aliyemgusa bega Waziri wa Fedha kumwambia chai ipo tayari. Waziri kwa kushtuka akapunguza kodi. Karani huyo hajaonekana tena.

Kwa hiyo makofi yalikatika, mwanadada wa itifaki akameza kilio nusu, na umati ukaondoka uani ukinyata kwa ncha za vidole. Walibaki walinzi wenye bunduki mlangoni, na Bwana Chumu kwenye kiti, mikono mapajani.

"Ataamka saa ngapi?" aliuliza Sikudhani.

"Shh. Hajalala."

"Atamaliza kutafakari saa ngapi?"

"Taifa lina mambo mengi," alinong'ona Bwana Chumu.

Baada ya alasiri Sikudhani alimgeuza mama yake jikoni, kisha akaingia chumbani kuchukua khanga safi kwenye beseni. Alikuwa amechoka kwa namna ile ambayo mtu hajui tena kuwa amechoka. Akaona mwili mzito umelala chali kitandani mwa mama yake, na mikono yake haikumwuliza. Mmoja uliingia chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, akavuta taratibu, akaweka mto nyuma ya mgongo na mwingine katikati ya magoti, akalainisha shuka lisiweke mkunjo. Alipoinua macho, midomo ya bunduki ilikuwa inamtazama.

Waziri alishusha pumzi ndefu, akaweka kiganja chini ya shavu, akazama zaidi.

"Umefanya nini?" Bwana Chumu alikuwa amekauka.

"Nimemgeuza."

"Kwa nini?"

"Muda ulikuwa umefika."

Bwana Chumu alipiga simu makao makuu. Redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa Waziri wa Huruma, akiwa katika tafakuri nzito nyumbani kwa mwananchi wa kawaida, amehamia upande wa kushoto. Wachambuzi wakajadili maana yake kisiasa hadi mwisho wa kipindi. Kutoka makao makuu ikaja amri kwamba yule mama aendelee kumgeuza vilevile.

*

Ndipo msaada ulipoanza kumiminika. Waya wa umeme wa uhakika ulivutwa mpaka kwenye pampu. Gari la maji likajaza mapipa. Yakaletwa mashuka, poda, nyama ya supu, kiyoyozi. Waziri alilishwa uji kwa kijiko. Alimeza bila kufumbua macho, na wanasheria wa Serikali wakaafiki kwamba kumeza si kuamka. Mlangoni pakapigwa kibao: KITUO CHA TAIFA CHA TAFAKURI. NYAMAZA. Majirani walikatazwa kutwanga. Majogoo wa mtaa walikamatwa, na kwa kuwa hawakuwa na pa kuwekwa, wakawa supu.

Bi Rukia alibaki jikoni kwenye mkeka. Kila Sikudhani alipomaliza kumgeuza mmoja, alikwenda kumgeuza mwingine.

"Nani anayekoroma hivyo ndani mwangu?" aliuliza Bi Rukia siku za mwanzo.

"Waziri wa Huruma, mama."

"Kwenye godoro langu?"

"Ndiyo."

"Mwambie asogee. Mimi si mnene, tutatoshana."

Siku zilivyokwenda mzaha ukapungua. Mwili wa Bi Rukia ukawa wa moto. Kidonda kikaanza kunuka, na Mama Sele akawa anakuja na majani ya mchaichai anayachoma ili jikoni paingilike. Bi Rukia akawa na ombi moja tu.

"Mwanangu, nigeuze."

"Nimekugeuza sasa hivi, mama."

"Basi nigeuze tena."

Daktari bingwa aliletwa kutoka mji mkuu kumkagua Waziri. Sikudhani alimshikia taa. Daktari aliupapasa mgongo wa Waziri kuanzia shingoni hadi chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mgongo safi kabisa. Hauna hata alama. Nani anamhudumia?"

"Ni mimi, daktari," Sikudhani alinong'ona, kwa kuwa kunong'ona tu ndiko kulikoruhusiwa. "Mama yangu yuko jikoni. Ana kidonda kimefika pabaya. Nakuomba umtazame, ni hapo nyuma tu, hatua chache."

Daktari alimtazama Bwana Chumu. Bwana Chumu aliyatazama mabati.

"Pole," alisema Bwana Chumu. "Nyumba hii imepangiwa mgonjwa mmoja, na kwa mujibu wa mwongozo, mgonjwa ni yule aliyelala kwenye godoro."

"Mama ndiye mwenye godoro."

"Ndiyo, ila hajalala kwenye godoro."

Daktari alifunga mkoba wake polepole. Alipopita uani aligeuza shingo kuelekea jikoni, na harufu ilimfikia, ilionekana usoni mwake kwamba imemfikia. Alisimama. Mlinzi akakohoa. Daktari akapanda gari.

Sikudhani alirudi chumbani kumpaka Waziri poda. Alikuwa anajua kinachotokea jikoni. Alikuwa anakijua vizuri, neno kwa neno kama muuguzi alivyomwambia, na kukijua kwenyewe kulikuwa kama kujua habari za mtu wa mtaa wa pili. Akampaka poda, akalainisha shuka.

*

Bi Rukia alifariki mchana mmoja wenye joto, wakati binti yake yumo chumbani anamgeuza Waziri kumweka upande wa kulia. Mama Sele ndiye aliyekuwa naye. Alikuja mpaka mlangoni mwa chumba, akasimama nyuma ya bunduki, asijue jinsi ya kunong'ona jambo kama lile. Sikudhani alimwona uso, akaweka mto wa mwisho mahali pake, akatoka.

Mama yake alikuwa amelala ubavu, macho nusu wazi, uso umeelekea ukuta wenye masizi. Sikudhani alimfumba macho. Mama Sele akavuta pumzi ya kupiga ukunga, na Bwana Chumu akatokea mbio, kidole mdomoni, machozi ya kweli yanamlengalenga.

"Poleni. Poleni sana. Jamani, msinifikirie vibaya. Nakuombeni kilio kisubiri."

Basi msiba ule ulikuwa wa kunong'ona. Wanawake walilia midomo wameifumba, mabega yanatikisika. Kaka zake Sikudhani walifika, wakasoma kibao cha mlangoni, wakasema pole kwa ishara. Waliobeba jeneza walivua viatu kupita uani. Redio ilitaja siku hiyo kuwa tulivu kuliko zote tangu tafakuri ianze.

Waliporudi kutoka makaburini Sikudhani aliingia chumbani, kwa kuwa muda ulikuwa umefika, akamgeuza Waziri.

Siku ya pili yake Mheshimiwa Mapande aliamka. Hakuamshwa na mtu, alikuwa tu amemaliza. Alikaa, akajinyoosha, macho meupe kama ya mtoto, akatoka barazani kwa soksi na kuukuta umati ulioitwa haraka.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Nimelijaribu godoro hili kwa niaba yenu, na nathibitisha kwamba ni zuri! Sasa mgonjwa aletwe, nimkabidhi."

Bwana Chumu akamsogelea, akamnong'oneza.

"Amefariki?" alisema Waziri kwa sauti. "Lini?"

"Juzi, Mheshimiwa. Wakati wa tafakuri."

Waziri alikaa kwenye ngazi. Hakuwa mtu mbaya, na uso wake uliporomoka kama wa mtu yeyote aliyepewa habari ya msiba. Bwana Chumu, akiona kimya kinazidi, akajitahidi kukiziba. Alisema kwamba lengo la mpango lilikuwa kumpunguzia mhudumu mzigo, kwamba mzigo wa mama huyu sasa umeondoka wote, na kwamba kwa hiyo kitaalamu yeye ndiye mafanikio ya kwanza ya Wizara. Watu wawili watatu wakapiga makofi, wakaacha. Kwa kuwa godoro ni la mgonjwa na mgonjwa hayupo, watumishi wakaingia, wakachomoa pampu, wakaanza kulikamua upepo ili lirudi wilayani.

Waziri aliinuka, akamwendea Sikudhani mlangoni.

"Mama, nani alikuwa ananigeuza?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Na ulijua kwamba mama yako analisubiri hilo godoro?"

"Nilijua."

"Ulikuwa unanishika bega kila siku." Alikuwa anauliza kweli, hakuna kamera iliyokuwa karibu. "Mimi ningeinuka. Wallahi ningeinuka. Kwa nini hukuniamsha?"

Walinzi waligeuka kumtazama, Bwana Chumu akamtazama, Mama Sele akamtazama. Sikudhani akatafuta jibu. Sheria ilikuwapo, bunduki zilikuwapo, yule karani wa chai alikuwapo, na yote hayo yalikuwa kweli. Lakini alijua kwamba mkono wake ulipokuwa chini ya bega lile, hakuwahi hata mara moja kufikiria bunduki. Alichokuwa akifikiria ni kilekile alichofikiria kila alipomgeuza mama yake: taratibu, asije akaamka.

"Ulikuwa umelala vizuri, Mheshimiwa," alisema.

Waziri akafuta macho, akavaa viatu. Msafara ukaondoka. Kibao kikang'olewa, waya wa umeme ukakunjwa, godoro likabebwa begani na mtu mmoja kwa jinsi lilivyokuwa jepesi bila upepo.

Uchungu ulimpata Sikudhani hapo hapo mlangoni, wote kwa pamoja. Mama Sele akamshika, akaketi naye chini.

"Lia sasa, shoga yangu," alimwambia. "Wameshaondoka. Lia kwa sauti, hakuna mtu anayetafakari."

Sikudhani akafungua kinywa. Kilio kilitoka, lakini kilitoka kwa kunong'ona, na Mama Sele ilimbidi ainamishe kichwa ndipo akisikie.